Bunduki ya rangi inatema maji: tafuta chanzo kabla hujanunua chujio la pili

Unapiga mkono wa pili wa klia (vanishi ya mwisho ya kung'arisha gari), boneti imeanza kung'aa mpaka unaona matawi ya mwembe ndani yake, halafu bunduki inakohoa mara moja. Tone moja tu la maji. Hilo linatosha kukurudisha kwenye msasa.

Kwetu Mtwara shida hii ina msimu. Hela ya korosho huanza kuingia kuanzia Oktoba, watu wanayakumbuka magari yao yaliyopauka, kazi zinamiminika. Ndipo kaskazi nayo inapoanza, joto linapanda na mvua inakaribia. Yaani kazi nyingi zinakuja wakati hewa inazidi kubeba maji. Juni mpaka Agosti, upepo wa kusi ukivuma, kompresa ileile na mpira uleule wa upepo havisumbui sana. Mafundi wengi wa uwani wanaapa kwamba vifaa vyao havina kasoro. Waulize tena Desemba.

Nimeandika kwa mtu anayepiga rangi nyumbani, mwenye kompresa ya kawaida ya lita 50 au 100, asiye na chumba maalumu wala mashine ya kukausha upepo. Anza na dalili unayoiona.

Kwanza mpime mshukiwa

Kabla ya kuulaumu upepo, tafuta kioo cha kunyolea kilichooshwa kwa sabuni na kukaushwa. Washa kompresa, fungua bunduki isiyo na rangi, iache ipulize kwa dakika 15 kama vile uko kazini kweli. Usipime mashine ikiwa imetoka kuwashwa, itakudanganya. Baada ya hapo pulizia kioo kwa dakika mbili, umbali wa shubiri moja, kisha kitazame kwa kukiinamisha juani.

Ukiona matone, ni maji. Ukiona utando unaoteleza kidoleni, wenye rangirangi kama petroli juu ya dimbwi, ni mafuta. Kioo kikibaki safi, upepo wako hauna kosa. Ruka uende kwenye ukungu mweupe na malengelenge, maana huko ndiko mkosaji alikojificha.

Mwanzoni ni pakavu, maji yanakuja baada ya dakika 15 au 20

Hii ndiyo iliyonipata mimi, na ndiyo inayowapata wengi. Milango miwili inatoka salama. Ukifika kwenye boneti, maji.

Gari lilikuwa Noah ya shemeji yangu, uwani kwetu Magomeni ya hapa Mtwara. Nilikuwa na chujio la maji lililofungwa palepale kwenye mdomo wa tanki, kama nilivyoshauriwa dukani. Bunduki ilipotema nikafunga la pili, likalifuata la kwanza. Ikatema tena, nikafunga la tatu. Shemeji akawa anapita kila jioni akitoka kazini: "Vipi shemeji, harusi ya Jumamosi nitakwenda na bajaji?" Vikombe vya machujio yote matatu vilikuwa vikavu kabisa. Hilo lingenishtua kama ningekuwa na akili timamu siku hiyo: maji yamo kwenye upepo, mbona machujio hayajakamata hata tone?

Aliyenifungua macho ni jirani, mzee aliyewahi kuwa fundi mitambo melini. Aliweka kiganja juu ya chujio la kwanza, akakitoa haraka.

"Mwanangu, hapa pana moto. Chujio linakamata maji. Mvuke haulijui chujio."

Chujio la kawaida huzungusha upepo kwa kasi ndani ya kikombe ili matone yatupwe ukutani na kuteremka chini. Linahitaji matone. Upepo ukiwa bado wa moto, maji yamo ndani yake kama mvuke, nao unapenya kama moshi kwenye chandarua. Ukishafika kwenye mpira uliolala juu ya sakafu ya baridi ndipo unageuka matone, na mbele ya hapo hakuna tena wa kuyakamata isipokuwa rangi yako.

Tupige hesabu. Chukua siku ya Januari yenye nyuzijoto 31 na unyevu wa asilimia 80. Kila mita ya ujazo ya hewa ina gramu 25 hivi za maji. Kompresa ikibana mpaka geji isome presha ya bar 8 (geji haihesabu bar moja ya hewa ya kawaida), mita tisa za ujazo za hewa zimesongamana mahali pa mita moja, na maji yake yote, gramu kama 230. Kwa nyuzijoto 31, mahali hapo hapawezi kushika mvuke zaidi ya gramu 32, kwa hiyo maji mengine yote yangedondoka. Tatizo ni kwamba tanki halina nyuzijoto 31. Mashine iliyofanya kazi mfululizo hutoa upepo wa nyuzijoto 60 au zaidi, na kwa joto hilo mahali palepale panashika gramu 130. Karibu gramu 100 zinapita mbele ya chujio zikiwa mvuke, zinakwenda kudondoka kwenye mpira. Kompresa inayovuta kweli lita 200 kwa dakika humeza maji ya kutosha kukuachia zaidi ya robo lita kwa saa moja. Robo lita! Mimi nilikuwa natafuta tone.

Kwa hiyo usinunue chujio. Nunua umbali. Upepo upite kwenye bomba la chuma mpaka upoe ufanane na hewa ya nje, kisha ndipo ukutane na chujio. Mita 8 ndiyo ya chini kabisa, mita 15 unalala usingizi. Mimi nilitumia mabomba ya maji ya mabati ya robo tatu inchi. Kutoka kwenye tanki kuna kipande kifupi cha mpira, ili mtikisiko wa mashine usilegeze viungio. Bomba linapanda ukutani mpaka chini ya paa, linateremka, linapanda tena, linateremka tena, mara nne. Kila linapofika chini kuna tii: njia moja inaendelea, nyingine inashuka shubiri moja na kuishia kwenye koki. Maji yanadondoka kwa uzito wake humo, upepo unaendelea na safari. Jioni nafungua koki moja baada ya nyingine. Ya kwanza inamwaga maji ya kujaza kikombe cha kahawa, ya pili kidogo, ya tatu matone, ya nne inapiga upepo mtupu. Siku ambayo koki ya nne nayo itatoa maji, najua bomba limezidiwa.

Kipande kinacholala kiwe na mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita, kuelekea kwenye koki. Panapotoka tawi la kwenda kwenye bunduki, toboa juu ya bomba, upepo upande kwanza kama shingo ya bata ndipo uteremke. Tawi linalotokea chini ya bomba ni mfereji wa maji uliojijengea mwenyewe.

Shaba inapoza vizuri kuliko chuma, hilo ni kweli. Ila bomba la shaba lililofungwa nje ya ukuta lina tabia ya kutembea usiku.

Mabomba ya plastiki ya kuunganisha kwa gundi, yale ya PVC, usiyaguse kwa kazi hii hata kama fundi bomba anakuapia. Yanabeba maji vizuri, lakini kwa upepo wa moto wenye presha hupasuka vipande vyenye ncha kali vinavyoruka.

Kama nyumba ni ya kupanga na mwenye nyumba hataki matundu ukutani, tumia ndoo. Zungusha mita 8 hadi 10 za bomba la shaba kama springi, tumbukiza kwenye ndoo kubwa ya maji, chujio liwe baada ya ndoo. Upepo uingilie juu na kutokea chini, kwa tundu ulilotoboa ubavuni karibu na kitako cha ndoo na kuziba vizuri pembeni. Ukiutoa kwa kuurudisha juu ya mdomo wa ndoo, maji yatajikusanya kwenye mzunguko wa chini kisha yatasukumwa yote kwa mkupuo mmoja, na hapo utalikumbuka lile tone la kwanza kwa upendo. Maji ya kawaida yanatosha kwa kazi fupi. Kwa gari zima, pita feri asubuhi ununue barafu ile ya wavuvi. Faida yake ni kwamba upepo unapoa chini ya joto la nje, kwa hiyo mpira wa mbele unaupasha badala ya kuupoza, na mvuke uliobaki haudondoki tena.

Kuna ukaushaji mwingine wa bure ambao watu wanautupa. Kompresa nyingi zina regyuleta (kidhibiti cha presha) kwenye tanki, na mtu anaishusha hapohapo mpaka bar 2 au 3. Iache wazi kabisa. Bomba zima libaki na presha kubwa, chujio liwe mwisho wa bomba, na regyuleta nyingine ifungwe baada ya chujio. Upepo uliojaa mvuke kwenye bar 8 ukishushwa hadi bar 2 unatanuka mara tatu, kwa hiyo unyevu wake unashuka kutoka asilimia 100 hadi theluthi. Ukiruhusu tanki lichoke mpaka bar 4 huku unapiga rangi, unyevu huo unafika asilimia 60. Ndiyo sababu maji hupenda kuja mwishoni mwa paneli kubwa: mashine imepata moto na presha imeshuka kwa pamoja. Pumzika. Acha tanki lijae.

Inatema mara tu unapofungua, kisha inatulia

Hayo ni maji ya jana. Tanki halikumwagwa, au mpira ulilala sakafuni na maji yakakusanyika kwenye tumbo lake. Mwaga, ning'iniza mpira, pulizia nje kwa dakika mbili kabla ya kufunga bunduki. Hakuna zaidi.

Vijishimo vya duara, rangi inakimbia kama maji juu ya sufuria yenye mafuta

Maji huacha alama iliyovimba au kovu la ovyo. Mafuta huacha kijishimo cha duara chenye ukingo, na katikati unaona rangi ya chini. Ukijua tofauti hiyo umeokoa siku mbili.

Chukua kipande cha bati kipya, kisafishe kwa thina, kipige rangi ileile kwa bunduki ileile. Bati likitoka safi, mafuta yako kwenye gari. Bati likiwa na vijishimo, mafuta yako kwenye upepo au ndani ya rangi.

Kwenye gari, mtuhumiwa mkuu ni silikoni: dawa ya kung'arishia dashibodi na tairi. Inasambaa hewani ikitua popote, na msasa peke yake unaipaka badala ya kuiondoa. Futa kwa kitambaa kilicholowa dawa ya kuondolea mafuta, na kwa mkono wa pili ufuate na kikavu kabla haijakauka. Tazama na jiko liko upande gani wa upepo. Siku moja nilipata vijishimo upande wa kushoto tu wa gari, nikazunguka nyumba nikakuta mama watoto anakaanga changu.

Kwenye upepo, angalia maji unayomwaga tankini. Yakifanana na chai ya maziwa, ni oili iliyochanganyika na maji. Huenda oili ilijazwa kupita alama, au ringi za pistoni zimekwisha. Chujio la maji halitakamata ukungu wa oili, linahitajika lile la tundu laini lililotengenezwa kwa oili, nalo hukaa baada ya la maji.

Lakini mara nyingi kosa ni mpira. Mpira uliowahi kutumika na kifaa cha kudondoshea oili kwa ajili ya mashine za kufungulia nati hauwezi kurudi kwenye rangi. Hata uuoshe, oili imeshaingia ukutani mwake. Weka mpira wa rangi peke yake, utundike mahali ambapo vijana wa kujaza tairi hawaufikii.

Ukungu mweupe juu ya rangi, klia inapauka ikiwa bado mbichi

Hapa watu hubomoa mfumo mzima wa upepo bure. Thina inayokauka haraka huchukua joto la bati inapoondoka. Katika siku ile yenye nyuzijoto 31 na unyevu wa asilimia 80, bati likipoa hadi nyuzijoto 27 tu, umande unatua juu ya rangi mbichi. Huo si mvuke wa tankini, ni hewa ya uwanja wako. Rangi za NC (za nitroselulosi, zinazokauka thina ikiondoka tu) ndizo zinazoumia zaidi.

Dawa yake ni thina ya kukauka polepole, mikono myembamba, na saa nzuri. Mimi sianzi kabla ya saa 4 asubuhi, mpaka umande umeondoka kwenye bati, na saa 9 alasiri nimeshaweka bunduki chini. Ukungu ukiwa mwepesi, mara nyingi unaondoka ukipulizia juu yake vumbi jembamba la thina ya polepole.

Klia ya 2K, ile inayochanganywa na hadina (dawa ya kuigandisha), kwa kawaida haipauki hivyo, ila ina ugonjwa wake. Hadina yake hushikana na maji na kutoa gesi, ndiyo unaona vipovu vidogo kama vya soda. Kopo la hadina lililofunguliwa mwezi uliopita na kuachwa kifuniko nusu limeshakunywa hewa ya Mtwara. Likiwa zito au na wingu ndani, tupa. Na 2K haipigwi kwa kitambaa puani: vaa barakoa yenye makopo ya kuchuja mvuke wa kemikali, uwanja uwe na upepo, watoto wawe mbali. Hadina hiyo inaweza kukuachia pumu ya kudumu.

Malengelenge baada ya wiki kadhaa

Gari liliondoka safi, limerudi na vipele. Mwenye gari anasema kompresa yako mbovu. Pengine ni ndoo yako ya msasa wa maji. Pati, ile ya kujazia mabonde, hunyonya maji kama mkate. Ukiipiga msasa wa maji ikiwa tupu, kisha ukaifunika na praima siku hiyohiyo, maji yamefungiwa ndani na jua litayafukuza. Pati ipigwe msasa mkavu, maji yasubiri praima.

Pwani tuna kosa la ziada: visima vya chumvi. Ukisugulia gari kwa maji ya kisima kama vile vya kandokando ya bahari Mikindani, chumvi inabaki chini ya rangi, nayo huvuta unyevu kupitia rangi mpaka inavimba. Suuza kwa maji matamu, futa, pulizia kwenye maungio ya milango na chini ya raba za vioo, ndipo uache gari juani.

Upepo unakata, rangi inatoka kama ganda la chungwa

Soma geji iliyofungwa kwenye mpini wa bunduki huku umebonyeza kifyatulio. Geji ya kwenye tanki haikwambii kitu hapa. Kama unaweka bar 2 na ukibonyeza inaanguka hadi 1.2, kuna kinachobana: mpira mwembamba, viungio vya kubonyeza vyenye tundu dogo, au chujio lililoziba.

Ikishuka polepole, kompresa haitoshi. Bunduki nyingi za HVLP (za upepo mwingi kwa presha ndogo) zinataka lita 250 hadi 400 kwa dakika, na mashine ya HP 2.5 haitoi hizo hata kibandiko chake kiseme nini, maana kibandiko hutaja upepo unaovutwa, si unaotoka. Badili bunduki kabla ya kubadili kompresa. Zipo za LVLP (za upepo kidogo kwa presha ndogo) zinazoridhika na lita 150 au chini ya hapo, na mashine inayopumzika haichemki, kwa hiyo tatizo la maji nalo linapungua.

Mota ikinguruma bila kuzunguka, hasa jioni watu wote wamewasha feni na majiko, umeme umeshuka, au umeunga waya mrefu mwembamba. Sogeza kompresa karibu na soketi, urefushe mpira.

Silika jeli na kutu

Kopo la silika jeli (punje za kunyonya unyevu) ni la mwisho kwenye mstari, baada ya upepo kupoa na kuchujwa. Ukiliweka mbele litashiba upesi. Ikibadilika rangi imeshiba, ikaushe kwa joto la nyuzijoto 120 mpaka rangi irudi. Ile ya buluu ina kobalti, hivyo sufuria yake isirudi tena jikoni. Weka na kichujio cha vumbi baada yake, maana punje husagika.

Chembe za kahawia kwenye rangi ni kutu ya tanki. Hewa ya bahari inakula nje, maji yanakula ndani, na tanki hutoboka chini kwanza. Likianza kuvuja usilichomee. Chuma cha kuzunguka tundu kimeshakuwa chembamba kama lile tundu lenyewe, na siku lisipovuja litapasuka. Kaka zetu wanaochomelea mitungi ya gesi kuwa matanki, sina la kuwaambia ila wakae mbali nayo yakijaa.

Jioni, mashine ikishazimwa, toa presha, fungua koki ya chini ya tanki na uiache wazi usiku kucha ikauke. Funika tu tundu lake kwa kipande cha chandarua. Mimi niliwahi kuliacha tupu siku tatu, nyigu wa udongo akajenga nyumba yake humo, na maji yakakaa tankini wiki nzima huku koki iko wazi.